Kompyuta Inapoganda Wakati wa Kuzimwa: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Kompyuta yenye Windows haizimiki papo hapo unapobofya "Shut down". Kwanza mfumo huipelekea kila programu iliyo wazi ujumbe wa kuitaka imalize kazi zake, kisha hukifunga kipindi cha mtumiaji, huzisimamisha huduma zinazoendeshwa chinichini, huandika diskini yale yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu, huviarifu vifaa vyote kupitia draiva zake (programu ndogo zinazoviendesha) kwamba safari imefika mwisho, na hatimaye huiamuru bodi kuu ikate umeme. Mmoja kati ya hao wote asipoitika, wengine humngoja, na wewe uliyekaa mbele ya skrini unaona kiduara kinachozunguka bila kukoma, au skrini nyeusi huku feni ikiendelea kuvuma.

Kwa hiyo kompyuta iliyoganda wakati wa kuzimwa mara nyingi ni kompyuta inayosubiri, na kazi yote ya utafutaji ni kumjua anayesubiriwa. Nalisema hili mapema kwa sababu katika vibanda vingi vya mafundi, Kampala kama ilivyo Arua au Mbale, dawa ya kwanza inayotajwa ni kupiga Windows upya. Dawa hiyo huponya wakati mwingine, lakini hufuta programu ambazo mwenyewe hana tena namba zake za leseni, na ikiwa chanzo ni printa au draiva ya bodi kuu, tatizo litarudi mara tu vitu hivyo vitakapowekwa tena.

Maelezo yanayofuata ni ya Windows 10 na Windows 11, pamoja na maneno machache kuhusu Ubuntu mwishoni. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, ila kompyuta nyingi bado zinaitumia na hatua zake hazitofautiani. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi nchini Uganda zimewekwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kugusa kitufe au soketi

Katika maduka na ofisi nyingi, anayefunga jioni hubofya "Shut down" kisha huzima soketi ukutani kabla skrini haijawa nyeusi, hasa ikiwa bodaboda tayari inamngojea nje. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), tendo hilo hukata umeme wakati diski inaandikwa, na baada ya kurudiwa jioni nyingi mafaili ya mfumo huanza kuharibika. Uharibifu huo wenyewe huifanya kompyuta ichelewe kuzimika, naye mwenye haraka akaona sababu nyingine ya kuzima soketi. Mzunguko huo ukatwe kwanza, la sivyo hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa kazi bure.

Swali linalofuata ni usubiri muda gani. Kompyuta yenye diski ya SSD na isiyo na hitilafu huzimika kwa sekunde chache, na yenye diski ya zamani ya kuzunguka huhitaji muda zaidi, lakini hata hiyo haipaswi kuvuka dakika moja au mbili kama hakuna masasisho yanayowekwa. Ikiwa imepitisha hapo, angalia taa ndogo ya diski iliyo mbele ya kasha au ubavuni mwa laptopu, kama ipo. Inapopepesa, kazi bado inaendelea, basi iache. Bonyeza pia kitufe cha "Caps Lock" na utazame taa yake: ikiwaka na kuzimika kwa kukufuata, kiini cha mfumo bado kiko hai na kinachokwama ni programu au huduma fulani, isipobadilika kabisa, yaelekea mfumo wenyewe umesimama, na hapo macho yako yaelekee kwenye draiva na vifaa.

Taa ya diski ikiwa imetulia kwa dakika kumi hivi na hakuna kinachobadilika, shikilia kitufe cha kuwashia bila kukiachia hadi umeme ukatike. Kwa kawaida huchukua sekunde nne hadi kumi. Njia hii nayo si salama kabisa, lakini wewe mwenyewe ndiwe unayechagua wakati, baada ya kuona kwamba diski haiandikwi. Isitumike kamwe wakati skrini inaonyesha asilimia za masasisho pamoja na onyo la kutozima kompyuta. Kwenye diski ya zamani kazi hiyo yaweza kupita saa nzima, na kuikatiza ni kujitafutia kompyuta isiyowaka asubuhi.

Hatua ya 1: Tazama imekwama wapi

Mafundi wengi hulipita jambo hili, nami naliona lina thamani kuliko zana zozote. Ikiwa umekwama kwenye skrini yenye orodha ya programu na kitufe cha "Shut down anyway", tatizo ni programu na jina lake liko mbele yako. Ikiwa umevuka hapo na unaona kiduara na maneno "Shutting down", washukiwa ni huduma, mtandao, draiva au diski. Ikiwa skrini imekuwa nyeusi kabisa ilhali feni na taa ya kuwashia vinaendelea, Windows imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake na kinachogoma ni hatua ya mwisho ya kukata umeme. Hapo tunashuku "Fast startup" (njia ya kuwaka haraka inayoelezwa katika hatua ya 2), draiva za bodi kuu au BIOS, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya bodi kuu. Andika ulichokiona, pamoja na vifaa vilivyokuwa vimechomekwa na programu zilizokuwa wazi. Kama tatizo lilianza karibuni, andika pia kilichobadilika siku hizo: printa mpya, kingavirusi kipya, sasisho, au kumbukumbu (RAM) iliyoongezwa.

Hatua ya 2: Linganisha kuzima na kuwasha upya

Hifadhi kazi zako, kisha chagua "Restart" badala ya "Shut down". Jaribio hili halihitaji chochote na linagawa njia mara mbili, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012 matendo hayo mawili hayafanani ndani kwa ndani. Unapochagua "Shut down" huku "Fast startup" ikiwa imewashwa, Windows hufunga programu zako lakini kiini chake hakifungwi. Hali yake pamoja na ya draiva zake huandikwa diskini katika faili liitwalo hiberfil.sys, ili siku ya pili kompyuta iwake haraka zaidi. Unapochagua "Restart", kiini hufungwa kikamilifu na kuanza upya.

Basi kompyuta ikikubali kuwashwa upya bila shida na kuganda tu inapozimwa, mshukiwa mkuu ni "Fast startup" au draiva isiyojua kulala. Ikiganda katika yote mawili, mshukiwa ni programu, huduma, kifaa au diski, na unaweza kuruka hadi hatua ya 3.

Ili kuthibitisha, fungua menyu ya kuwasha na kuzima, shikilia kitufe cha "Shift" kwenye kibodi, kisha bofya "Shut down" ukiwa bado umekishikilia. Huko ni kuzima kamili kwa mara hiyo moja tu. Waweza pia kufungua "Command Prompt" (dirisha la kuandikia amri) na kuandika:

shutdown /s /t 0

Amri hiyo nayo huzima kikamilifu bila kupitia "Fast startup", na kwa kuwa huanza mara moja, usiiandike ukiwa na kazi ambayo hujaihifadhi. Kompyuta ikizimika vizuri kwa njia hizi, nenda "Control Panel", kisha "Power Options", kisha "Choose what the power buttons do". Bofya "Change settings that are currently unavailable", ondoa alama kwenye "Turn on fast startup", na umalizie kwa "Save changes". Kama kisanduku hicho hakionekani kabisa, huenda kulala kwa kina ("Hibernate", yaani kuzimika huku kazi zako zikihifadhiwa diskini) kumekwisha kuzimwa kwenye kompyuta hiyo na "Fast startup" haifanyi kazi, kwa hiyo tafuta kwingine.

Kuna pia amri ya "powercfg /h off", ambayo huandikwa katika "Command Prompt" iliyofunguliwa kwa "Run as administrator". Huiondoa "Fast startup" pamoja na faili la hiberfil.sys, na hivyo hurudisha gigabaiti kadhaa za nafasi, jambo lenye maana kwenye laptopu yenye diski ndogo iliyojaa. Hasara yake ni kwamba laptopu haitaweza tena kulala kwa kina na kuitunza kazi yako betri inapokwisha. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mimi ningeondoa alama ya "Fast startup" peke yake na kuuacha uwezo wa kulala ubaki. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka asubuhi. Kwa wengi, hiyo ni bei ndogo.

Hatua ya 3: Programu zinazokataa kufunga

Windows inapoonyesha kwamba programu fulani inazuia kuzima, usikimbilie "Shut down anyway". Bofya "Cancel", urudi kwenye programu hiyo, na utazame inakuuliza nini. Mara nyingi kuna kidirisha kilichofichwa nyuma ya madirisha mengine kinachouliza kama uhifadhi mabadiliko. Katika programu za mahesabu za SACCO au za stoo, kulazimisha ni kuhatarisha miamala ya siku nzima, kwani hifadhidata yaweza kukatwa ikiwa katikati ya kuandika.

Ikiwa programu ileile inakwama kila jioni bila kuuliza chochote, ifunge wewe mwenyewe kabla ya kuzima, ungoje kidogo, kisha bonyeza "Ctrl", "Shift" na "Esc" kwa pamoja ili kufungua "Task Manager" na uone kama bado imo katika orodha. Inayobaki pale baada ya kufungwa ndiyo inayosubiriwa. Isasishe, na ikishindikana iondoe na kuiweka tena. Programu zilizowekwa pamoja na vifaa vya kuvunja leseni zinastahili shaka ya pekee hapa, kwa kuwa huacha huduma zisizojulikana zikizunguka chinichini, na mwenye kompyuta hana pa kupeleka malalamiko. Kompyuta yenye vingavirusi viwili vya kampuni mbili tofauti nayo ibakishiwe kimoja, kwa sababu kila kimoja hung'ang'ania kukagua mafaili ambayo mwenzake anayafunga.

Wapo watakaokushauri uende kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) na kupunguza thamani ya WaitToKillServiceTimeout, ambayo ndiyo muda ambao mfumo huzingoja huduma kabla ya kuziua, na ambayo tangu Windows 8 kwa kawaida ni milisekunde 5000. Siupendi ushauri huo. Sekunde tano si muda mrefu, na kuupunguza huficha dalili huku ukizikata huduma zinazofanya kazi halali.

Hatua ya 4: Chomoa vifaa, na uangalie nani anazima seva kwanza

Chomoa kila kitu kisichohitajika: flashi, diski ya nje, modemu, kisomaji cha misimbopau, printa ya risiti, hata kipanya kama laptopu ina padi yake. Kisha zima. Ikizimika, rudisha kifaa kimojakimoja na kujaribu tena kila mara hadi tatizo lirudi. Kifaa kitakachopatikana kichomekwe kwanza kwenye tundu jingine la USB, kwani wakati mwingine ni tundu au kigawio cha bei nafuu kinachosumbua, na baada ya hapo ndipo itafutwe draiva yake mpya.

Printa za risiti nimezitaja makusudi. Tangu EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, uingie, hata maduka ya kawaida yana kompyuta inayochapisha risiti mchana kutwa. Niliwahi kuitazama kompyuta ya duka moja la jumla mjini Busia iliyokuwa ikiganda kila jioni, na mchana haina tatizo lolote. Foleni ya printa ilikuwa na kazi zilizokwama tangu karatasi ilipoisha, hakuna aliyezifuta, na huduma ya uchapishaji ilikuwa ikijaribu kuzimaliza hadi dakika ya kuzimwa. Mwenye duka alikuwa ameshaambiwa anunue kompyuta nyingine. Tulichofanya ni kufungua "Command Prompt" kama msimamizi na kuandika mistari mitatu ifuatayo, mmoja baada ya mwingine:

net stop spooler
del /q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Mstari wa kwanza husimamisha huduma ya uchapishaji, wa pili hufuta kazi zote zilizokwama, na wa tatu huirudisha huduma kazini. Hakikisha kwanza kwamba hakuna risiti au hati inayongojewa, kwa kuwa foleni yote hufutika.

Katika ofisi yenye kompyuta kadhaa, kuna kosa lingine ambalo halionekani ukiitazama mashine moja peke yake. Kompyuta za wafanyakazi huwa zimeunganishwa na folda za pamoja zilizo kwenye seva au kwenye kompyuta ya mhasibu. Mhasibu akiondoka mapema na kuzima yake, au mlinzi akizima ruta, zilizobaki hujaribu kuziaga folda ambazo hazipo tena, zikangoja jibu lisilokuja. Dawa yake ni utaratibu tu: za wafanyakazi zizimwe kwanza, seva ifuate, na ruta iwe ya mwisho.

Hatua ya 5: Ifanye kompyuta iseme yenyewe

Kama bado hujampata mkosaji, usiendelee kubahatisha. Windows ina njia mbili za kukuambia.

Ya kwanza ni kuilazimisha ionyeshe kila hatua inayoipitia, badala ya maneno "Shutting down" peke yake. Katika "Command Prompt" ya msimamizi andika amri hii yote katika mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System" /v VerboseStatus /t REG_DWORD /d 1 /f

Mara nyingine utakapozima, skrini itataja kinachofanyika wakati huo: huduma fulani inasimamishwa, mipangilio ya mtumiaji inahifadhiwa, na kadhalika. Mstari utakaobaki hapo bila kusogea ndio wa kuupiga picha kwa simu. Ukimaliza uchunguzi, rudia amri hiyohiyo ukiweka 0 mahali pa 1.

Ya pili ni kumbukumbu ya matukio. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr.msc, kisha bonyeza "Enter". Upande wa kushoto fungua "Applications and Services Logs", ndani yake "Microsoft", kisha "Windows", shuka hadi "Diagnostics-Performance", na ubofye "Operational". Matukio yanayohusu kuzimwa huanzia namba 200. Tukio la 200 lenyewe hueleza muda wote uliotumika, la 201 humtaja programu aliyechelewesha, la 202 hutaja kifaa, na la 203 hutaja huduma. Ukilibofya, chini utaona jina la faili na muda kwa milisekunde. 1000 ni sekunde moja, kwa hiyo huduma iliyoandikiwa 60000 ilikushikilia dakika nzima. Kwenye ile kompyuta ya Busia lilikuwa tukio la 203, na jina lililosomeka pale ni la spooler.

Kumbukumbu hii huwa na manufaa zaidi kompyuta inapochelewa sana lakini hatimaye ikazimika. Ikiwa inaganda kabisa hadi ushikilie kitufe, tukio laweza lisiandikwe. Hapo nenda "Windows Logs", kisha "System", na utafute matukio ya namba 41 na 6008. Watu wengi hushtuka wakiliona la 41 kwa kuwa limewekewa alama nyekundu na neno la hatari, ilhali maana yake ni kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa ipasavyo, jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua maana ndiwe uliyeshikilia kitufe. Chenye thamani ni mistari iliyo kabla yake, katika dakika za mwisho kabla ya kuganda: makosa ya diski, ya draiva fulani, au huduma iliyokataa kusimama.

Hatua ya 6: Washa ikiwa nyepesi

Pale kumbukumbu inapokaa kimya, tunarudi kwenye njia ya kutenga. Bonyeza Windows na R, andika msconfig, fungua "Services", weka alama kwenye "Hide all Microsoft services", kisha bofya "Disable all". Usiisahau alama hiyo ya kuficha huduma za Microsoft, kwani ukizizima nazo kompyuta yaweza kukataa hata kukuingiza. Zima pia programu za kuanzia katika sehemu ya "Startup" ya "Task Manager". Washa upya, kisha jaribu kuzima.

Ikizimika salama, mkosaji yumo kati ya ulizozizima. Rudisha nusu ya huduma na ujaribu tena; tatizo likirudi, yumo katika nusu hiyo, lisiporudi yumo katika nyingine, na hivyo utaendelea kugawa hadi ibaki moja. Njia hii ni ya haraka mno kuliko kurudisha moja baada ya moja, hasa kwenye laptopu iliyokuja na programu chungu nzima za kampuni iliyoitengeneza.

Hatua ya 7: Draiva na BIOS

Skrini nyeusi yenye feni inayovuma, baada ya "Fast startup" kuondolewa, huelekeza kwenye draiva. Draiva ya michoro ya skrini ni ya kuanzia. Inayofuata, na ambayo wengi hawaijui, inaitwa Intel Management Engine Interface. Ipo kwenye "Device Manager" chini ya "System devices". Laptopu nyingi zilizotengenezwa enzi za Windows 7 au 8 na baadaye zikapandishwa hadi Windows 10 zilipata tatizo hili hasa: kila kitu hufungwa, lakini umeme haukatiki. Kwa baadhi ya laptopu zake, HP ilishauri kurudishwa kwa toleo la zamani la draiva hiyo, kwa hiyo hapa kilicho kipya zaidi si lazima kiwe bora. Chukua toleo lililowekwa kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji kwa modeli yako kamili, wala usitumie programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Hizo mara nyingi huleta matatizo mapya kuliko zinayoyaondoa.

BIOS isasishwe mwisho kabisa, na tu pale maelezo ya mtengenezaji yanapotaja tatizo la kuzima au la umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi kuu yaweza kufa. Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS uliyokwisha kuijaribu kwa kuchomoa waya wake ukutani na kuona inashikilia. Kama huna UPS ya namna hiyo, iache BIOS ilivyo.

Hatua ya 8: Diski na mafaili ya mfumo

Kabla ya lolote hapa, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, kwa maana ukaguzi mzito unaweza kuimaliza diski iliyokuwa tayari taabani. Kisha, katika "Command Prompt" ya msimamizi, anza na:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

halafu:

sfc /scannow

Amri ya kwanza hurekebisha ghala ambamo ya pili huchukua mafaili mazuri, ndiyo maana nazipanga hivyo. Ya kwanza huhitaji intaneti na yaweza kupakua data nyingi, kwa hiyo usiiendeshe kwa bando la simu lililobakiza megabaiti chache. Baada ya hapo andika "chkdsk C: /f", ukubali kwa herufi Y, na uwashe upya ili diski ikaguliwe kabla ya Windows kuanza. Kwa diski ya kuzunguka unayoishuku, tumia "chkdsk C: /r", ambayo hutafuta pia sehemu zilizooza na huchukua saa kadhaa, uiendeshe siku ambayo umeme una dalili ya kutulia.

Diski inayotoa mlio wa kugonga, au inayoonyesha asilimia 100 katika "Task Manager" huku kompyuta haifanyi chochote cha maana, haitafutiwi amri nyingine. Ibadilishwe na SSD, na kompyuta ya zamani itapata faida kubwa zaidi ya kuzimika vizuri tu.

Kwa wanaotumia Ubuntu

Hapa mfumo wenyewe huwa mkweli zaidi. Bonyeza "Esc" wakati wa kuzima ili picha iondoke na maandishi yaonekane. Ukiona mstari unaoanza na "A stop job is running for", jina linalofuata ni la huduma inayosubiriwa, na pembeni muda unahesabiwa. Kwa kawaida kikomo ni dakika moja na sekunde 30, kisha huduma huuawa kwa nguvu na kompyuta ikaendelea kuzimika. Ukishawasha tena, andika "journalctl -b -1 -e" katika terminali ili usome mwisho wa kipindi kilichopita. Folda za mtandao zisizopatikana tena ni miongoni mwa visababishi vya mara kwa mara, kama ilivyo kwa Windows.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Ikiwa umefika hapa na kompyuta bado inaganda, au umekuta dalili za diski inayokufa, peleka kwa fundi ukiwa na maandishi yako: inakwama kwenye skrini ipi, "Restart" inafanyaje, ni vifaa gani vilivyochomolewa bila mabadiliko, na picha ya mstari au tukio ulilolipata. Mwombe aijaribu kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi yenye mfumo mwingine na kuizima kutoka huko. Ikiganda hata hapo, tatizo liko kwenye vifaa au BIOS, na kupiga Windows upya hakutasaidia, kwa hiyo usikubali kuilipia kazi hiyo. Ikizimika vizuri, na draiva pamoja na huduma zimekwisha kukaguliwa, basi kupiga Windows upya sasa kuna sababu. Uhakikishe nakala za mafaili, namba za leseni na nywila za mfumo wa risiti ziko mkononi kabla hajaanza.